Mto Msimbi Wafutwa kwa Kauli Moja

Tangazo kwa wananchi wote wa tarafa: kuanzia leo, Mto Msimbi si mto. Mtu yeyote atakayeuita mto, awe darasani, njiani au kilabuni, atahesabika kuwa anapotosha elimu ya taifa.

Maneno hayo niliyaandika mimi, nikayapigia muhuri mimi, na hadi leo sioni kosa lolote ndani yake. Nilikuwa Katibu wa Kamati ya Kuratibu na Kusawazisha Maumbo ya Nchi. Najua wapo watu kule Mtinko ambao wakiniona njiani hucheka mpaka wanashikilia miti. Wacheke tu. Mtu asiyejua utawala ana starehe nyingi.

Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya vijiji vya ujamaa. Kijiji cha Mwangaza, huko mbele ya Mtinko, kilikuwa na shule inayoishia darasa la nne. Mtoto aliyetaka kuendelea ilimlazimu kutembea hadi Mtinko, na njia ile ina fisi na makorongo, kwa hiyo wazazi wengi waliona heri abaki nyumbani, hasa akiwa msichana. Mwalimu wa shule hiyo, Mwalimu Felista, alikuwa akiomba darasa la tano kila alipotuona. Aliomba mpaka tukamzoea, kama mtu anavyozoea mlango unaolia kwenye bawaba.

Halafu siku moja jibu likashuka kutoka juu. Mkaguzi angekuja mwezi wa Novemba kuwapima watoto wa Mwangaza jiografia ya nchi yao. Wakifaulu, shule inapata darasa la tano. Wakishindwa, suala limefungwa na mlango uendelee kulia. Muhtasari wa masomo ulitaka mtoto aone kwa macho yake, katika mazingira yake, mlima, mto na kisiwa, kisha aweze kueleza alichokiona.

Hapo ndipo Kamati ilipoingia kazini. Mwenyekiti wetu alikuwa Ndugu Antipasi, mtu mwenye tumbo la kuheshimika, mzaliwa wa milima ya kaskazini, kule ambako mito inatiririka mwaka mzima na ukifungua dirisha unaona theluji. Alikisoma kitabu cha jiografia cha darasa la nne chote kwa siku moja, akatuita kikaoni akiwa amekasirika kweli kweli.

Alisema jiografia ya nchi hii haikugawanywa kwa haki. Wenzetu wa Moshi wamejilimbikizia mlima mrefu kuliko yote Afrika. Wa Mwanza wamekalia ziwa. Wa Tanga wana bahari nzima, na wala hawainywi. Sisi Singida tumeachiwa mawe na upepo. Aliuita unyonyaji wa kimaumbo, na wajumbe tulipiga makofi, kwa sababu neno lilikuwa jipya na lilikaa vizuri mdomoni.

Azimio likapitishwa: mkoa utajitegemea kwa jiografia, na Mwangaza itakuwa mfano. Hatua ya kwanza ilikuwa uhakiki wa maumbo yaliyopo.

Tulianzia mtoni. Tulimkuta mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kefa, mtu mrefu, mkavu, mwenye koti la kaki alilolivaa hata kwenye jua. Hata Mwenyekiti wetu alimwamkia shikamoo, maana kule utaratibu huo hauna cheo. Mzee aliitikia marahaba, akatuongoza hadi ukingoni. Mbele yetu palikuwa na mchanga. Mchanga mpana, mweupe, umenyooka toka kwenye vilima hadi macho yanapochoka. Katikati wanawake walikuwa wamechimba mashimo, wanachota maji kwa kata.

Ndugu Antipasi alishuka, akasimama katikati, akafungua kitabu. Kitabu kilisema mto ni maji mengi yanayotiririka kutoka mahali pa juu kwenda mahali pa chini. Aliukanyaga mchanga kwa kiatu. Kiatu kilitoka kikiwa kikavu.

"Maji yako wapi?" aliuliza.

"Yako chini, Ndugu Mwenyekiti," alisema Mzee Kefa. "Mto umelala. Mvua ikinyesha kule vilimani, unaamka."

"Mto haulali, Mzee. Hatuwezi kumwonyesha Mkaguzi mto unaolala saa za kazi."

Mimi ni mtoto wa Itigi, nimekulia relini. Ukiniuliza juu ya treni nitakujibu, lakini mambo ya mito nilimwachia mwenye mito kwao. Tulipiga kura palepale mchangani, na mto ukafutwa kwa kauli moja. Tukaupangia daraja jipya: Uwanda Mwembamba wa Mchanga.

Mama mmoja aliyekuwa shimoni, Mama Damari, akauliza kama bado wanaruhusiwa kuchota. Suala lilikuwa zito. Kamati ililijadili mpaka jua likageuka, ikaamua kwamba wanaruhusiwa, mradi wasiyaite maji ya mto. Mama Damari akasema kwani akiyaita maji tu si inatosha. Niliona ni jibu la kiburi, lakini sikuliandika.

Mlima nao ukashindwa. Mwangaza ina kilima cha majabali makubwa, yamepandiana kama magunia ghalani, na wenyeji walikitaja kwa majivuno. Ndugu Antipasi alikitazama mara moja tu akauliza theluji iko wapi. Niliandika: rundo la mawe, halina sifa.

Kwa hiyo Mwangaza haikuwa na mlima, haikuwa na mto, na kisiwa ndiyo usiulize. Mwalimu Felista alisimama pembeni akisikiliza haya yote, akaniuliza kwa sauti ya chini kama tumekuja kumsaidia au kumzika. Nikamtuliza. Nikamwambia Kamati haiondoi kitu bila kuweka kingine.

Tuliamua kujenga Bustani ya Jiografia. Eneo lilipatikana bila tabu, maana Uwanda Mwembamba wa Mchanga ulikuwa tambarare, safi, ukiacha jabali moja katikati hauna kisiki hata kimoja, na cha kushangaza zaidi, hakuna mwananchi aliyekuwa amejenga hapo. Mwenyekiti alishangaa uvivu wa watu wanaoacha kiwanja kizuri namna ile. Wazee walitazamana, wakasemezana kwa Kinyaturu, mmoja akacheka akajifanya anakohoa. Nilichukulia kwamba wameafiki.

Mwalimu Felista peke yake ndiye aliyenifuata.

"Ndugu Katibu, pale si pa kujenga. Utakuja."

"Utakuja nini?"

"Mto."

"Mwalimu, mto umefutwa. Sasa kitakachokuja ni nini?"

Alinitazama muda mrefu, kama anavyomtazama mtoto aliyeongeza badala ya kutoa. Halafu akaenda zake kufundisha.

Kazi ilianza. Wananchi walichimba udongo ukingoni wakaushusha mchangani, tukapata Mlima Kilimanjaro wenye kimo cha kumzidi Mwenyekiti kidogo, na yeye akaridhika. Kwa upande wa theluji, nilitoa wazo mimi. Kule kwetu Singida, kiangazi kikikolea, maziwa ya chumvi hukauka pembeni yakaacha chumvi nyeupe. Tulituma punda wakaleta chumvi, tukaipaka kileleni. Ilipendeza. Jua likiipiga, inang'aa. Kando yake tuliweka karai la maji kuwa ziwa, na ndani ya karai jiwe moja kuwa kisiwa.

Asubuhi ya pili theluji haikuwepo. Mbuzi wa kijiji walikuwa wamepanda Mlima Kilimanjaro wakailamba yote hadi udongo. Kuku nao walikuwa wamelinywa ziwa, na mmoja alikuwa amekalia kisiwa bila wasiwasi. Ndugu Antipasi alisema hii ni hujuma, akataka majina ya mbuzi wote.

Tukapaka theluji nyingine. Wakalamba. Tukaweka mlinzi, akalala, wakalamba tena, na mbuzi wa vijiji jirani wakaanza kuja, maana habari ya chumvi ya bure haifichiki. Ripoti yangu ilisema theluji ya Kilimanjaro inapungua kwa kasi kutokana na mifugo.

Ndipo Kamati ikatoa agizo kali, na nalinukuu lilivyo: "Umbo lolote la nchi likishapatikana, lisiondolewe, lisipunguzwe wala lisisogezwe, kwa sababu yoyote ile, mpaka shule zote za tarafa zifike zilione. Atakayekiuka atachukuliwa hatua." Nililisoma mkutanoni. Mzee Kefa aliniomba nilirudie. Nikarudia. Akaomba apewe nakala yenye muhuri. Nilimpa kwa furaha, kwa sababu katika utumishi wangu wote sijapata kuona mwananchi anayeomba agizo. Alilikunja akalitia katika mfuko wa koti lake la kaki.

Siku ya Mkaguzi ikafika. Kule vilimani kulikuwa kumetanda wingu jeusi tangu jioni iliyotangulia, na upepo ulileta harufu ya udongo uliolowa, ila Mwangaza kwenyewe palikuwa pakavu kabisa. Mwenyekiti alisema hiyo ni ishara ya mipango mizuri.

Tulifika mapema, Mwenyekiti na mimi, kwa niaba ya Kamati. Dereva wetu, Simoni, kijana wa Mkiwa, alikataa kuteremsha Landrova mchangani, akasema injini yake ina kifua. Akaiacha juu ukingoni, tena mbali. Sisi wawili tukateremka na meza, viti na kitambaa cha maua, tukajipanga kati ya Mlima Kilimanjaro na jabali moja kubwa lililokuwa katikati ya uwanda, lenye kivuli. Mlima ulikuwa na theluji mpya. Karai lilikuwa limejaa.

Wanakijiji wote walikuwa juu ukingoni. Hata mmoja hakushuka. Mashimo ya maji hayakuwa na mtu. Mbuzi wenyewe walikuwa juu, wanaitazama chumvi, na hawashuki. Mwalimu Felista aliwapanga watoto wake mstari mzuri, nguo zimefuliwa, juu huko huko.

Ndugu Antipasi alimpungia mkono awateremshe. Hakuteremka. Akamwita kwa sauti. Mwalimu akajibu kwamba watoto wanaona vizuri kutokea hapo. Mwenyekiti alisema Mkaguzi akikuta watoto wako mbali na jiografia, shule itaandikwa kuwa haina jiografia, darasa la tano halitakuja, na Mwalimu mwenyewe atahamishiwa mahali ambapo hata barua inafika imezeeka.

Mkono wa Mwalimu ulikuwa juu ya kichwa cha Dina, binti mdogo wa Mama Damari, aliyekuwa wa kwanza darasani na ambaye bila darasa la tano angerudi kuchota maji. Sauti ya Mwalimu ilitufikia wazi.

"Andika, Ndugu Mwenyekiti. Andika yote. Watoto wangu hawashuki."

Nilichukua kalamu niandike. Ndipo tukasikia mngurumo.

Ulitoka upande wa vilima, mzito, unasogea. Mwenyekiti akasema lori la Mkaguzi hilo, amefika, tena kapita njia ya mkato. Tukasimama wima. Nikarekebisha kola. Tukageuka kuelekea mngurumo unakotoka, Mwenyekiti akiwa ametayarisha mkono wa kusalimia na tabasamu la mkoa.

Kilichokata kona kilikuwa maji. Yalikuwa mekundu, yana povu mbele, yamebeba magogo, vibuyu na kigoda cha mtu. Sikumbuki tulivyopanda lile jabali. Nakumbuka Mwenyekiti alinikanyaga bega na hakusema samahani. Tulipopata nafasi ya kutazama chini, kitambaa cha maua kilikuwa kinaelekea upande wa Nduguti, na mlima mrefu kuliko yote Afrika ulikuwa umeondoka na theluji yake yote. Karai lilielea kidogo, likazunguka, likaaga.

Tulibaki juu ya jabali, sisi wawili na muhuri. Muhuri sikuuacha.

Na Mkaguzi naye akafika, kwa barabara, kama watu wote. Alikuwa Bibi Anastazia, mama wa makamo, miwani minene, uso ambao haukuwa na siku ya mapumziko. Aliwasalimia watoto, akautazama mto, akatutazama sisi, akaamua kwamba tuko pale kwa sababu ya kazi. Sikumlaumu, kwani mtu wa serikali humwamini mwenzake. Akafungua karatasi zake akaanza.

Aliuliza mto ni nini. Mtoto mmoja akasema mto ni njia ya maji, wakati mwingine maji yako juu na wakati mwingine yako chini ya mchanga, lakini njia ni yake. Mkaguzi akaandika. Akauliza mlima au kilima kinasaidia nini. Wakamwonyesha vilima na lile wingu, wakamweleza mvua inavyonyesha kule na kuja huku kwa miguu. Akaandika tena. Mwalimu Felista alikuwa amefumba macho.

"Kisiwa ni nini?" aliuliza Bibi Anastazia.

Dina akanyoosha mkono. "Kisiwa ni nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote."

"Toa mfano."

Dina akatutazama. Akaelekeza kidole, kwa adabu, mkono wa kulia.

"Kile pale, chenye Ndugu Mwenyekiti."

Mkaguzi alitazama kwa makini, akazunguka kidogo ukingoni kuhakikisha pande, akapiga alama ya vema. Akasema amekagua shule nyingi mkoani na kote ameonyeshwa visiwa vya kuchora, hii ndiyo ya kwanza kumwonyesha kisiwa chenyewe. Darasa la tano lilitolewa palepale. Mama Damari alipiga kigelegele, wanawake wakakipokea, na Mwalimu Felista akakaa chini majanini akalia bila kujificha. Hata mimi, kwa kuwa ni binadamu, nilifurahi kidogo, ingawa nilikuwa nimelowa.

Ndugu Antipasi akaona wakati ni mzuri wa kuomba kamba. Alipiga kelele watupe kamba. Vijana walikuwa na kamba, tena nzuri, ya katani. Mzee Kefa akawazuia. Alitia mkono katika mfuko wa koti, akatoa karatasi, akaikunjua taratibu, akampa Mkaguzi.

Bibi Anastazia akaisoma kwa sauti ili wote wasikie. Lisiondolewe, lisipunguzwe wala lisisogezwe, kwa sababu yoyote ile. Akageukia jabali.

"Huu ni muhuri wenu?"

Nilitamani kusema hapana. Lakini muhuri ninao mkononi, wote wanauona.

"Mzee Kefa," alisema Mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa imeshuka sana, "sisi si umbo. Umbo ni jiwe."

"Jiwe lisingetambulika, Ndugu Mwenyekiti. Mlilikataa wenyewe, mkasema hapa pote ni uwanda. Mtoto amelitambua kwa sababu yenu. Tukiwatoa, si tutakuwa tumelipunguza?"

Mkaguzi alifikiri, akasema kisheria Mzee yuko sahihi, na kwamba anaondoka na mfano mzuri wa utekelezaji wa maagizo. Wakatumwa watu kwa baiskeli kuziita shule zote za tarafa.

Shule zilikuja hadi jioni. Shule moja inaondoka, nyingine inafika, na vilimani mvua haikatiki. Kila shule ilijipanga ukingoni ikaamkia kwa pamoja, shikamooni, na sisi ilitubidi tuitikie marahaba, maana huwezi kumwacha mtoto na shikamoo yake hewani hata kama unatetemeka. Mama Damari alitutupia viazi vya kuchemsha. Vingine vilifika. Mwenyekiti aliuliza kama kuna ugali na mlenda, akaambiwa mlenda hautupiki.

Nilitumia muda ule vizuri. Niliandika tangazo jipya nyuma ya lile la zamani, kwamba kuanzia leo Mto Msimbi ni mto, nikalisoma kwa sauti kubwa. Mto uliunguruma tu, na ukingoni hakuna aliyepiga makofi.

Shule ya Mtinko ilikuja mwisho, na watoto wake wana maneno. Mwalimu wao, Ndugu Urbano, aliwafundisha kama kitabu kinavyotaka, jina la mahali, ukubwa, hali ya hewa. Kisha akauliza wakazi wa kisiwa hiki ni wangapi na shughuli yao kuu ni ipi. Watoto walitutazama sana. Mmoja akasema wakazi ni wawili. Wakatafuta shughuli. Kilimo hakuna, wakasema. Ufugaji hakuna. Uvuvi, hapana, wanaogopa maji. Halafu msichana wa nyuma akanyoosha mkono.

"Shughuli yao kuu ni vikao."

Mwalimu Urbano akasema vizuri sana, na darasa zima likaandika.

Ndugu Antipasi hakulikubali jibu lile hata kidogo. Aliniambia ni upotoshaji, ni dharau kwa Kamati, na haliwezi kuachwa hivi hivi. Akaniagiza niitishe kikao cha dharura palepale juu ya jabali. Nikahesabu wajumbe, akidi ilikuwa imetimia, tukaanza.